Kadi ya Kupandia Lifti

Ukitoka Burlington, Vermont, ukashika njia ya kusini, saa moja haiishi kabla hujafika Mad River Glen. Wapenzi wa skii wanauheshimu sana mlima huu. Lifti yake maarufu hubeba mtu mmoja kwa kila kiti, kama ilivyokuwa ilipoanza mwaka 1948, na tangu 1995 mlima wenyewe ni mali ya ushirika wa wanaskii. Ubao wa theluji ni marufuku pale. Uliwahi kuruhusiwa kwa muda katika miaka ya 1980, kisha ukafukuzwa, na wanaushirika hawajakubali urudi. Katika Marekani nzima vituo vya namna hiyo vimebaki vitatu. Viwili vingine, Alta na Deer Valley, viko Utah. Mwaka 2014 kikundi cha wapanda ubao kiliishtaki Alta kwa kuwa sehemu kubwa ya mlima ule ni ardhi ya misitu ya serikali kuu. Kilishindwa, kikakata rufaa, na mwaka 2016 kikashindwa tena.

Vijana ninaowaendeshea basi kuwapeleka mlimani hawaamini ninapowasimulia habari hizi. Wao wameukuta ubao dukani, kwenye televisheni, kwenye Michezo ya Olimpiki, na hawawezi kufikiria kwamba kuna watu wazima waliwahi kukaa kikao kuujadili kama hatari. Mimi zilinikaa kichwani tangu nilipozisikia, na nimezifuatilia kwa miaka kadhaa sasa. Mimi ni Mbembe wa Fizi, Kivu Kusini. Wazazi wangu walivuka Ziwa Tanganyika nikiwa mtoto mdogo, na nikalelewa Nyarugusu, kambi iliyofunguliwa wilayani Kasulu, mkoani Kigoma, mwaka 1996. Mkimbizi hakuruhusiwa kwenda zaidi ya kilomita 4 nje ya kambi bila kibali. Baba alikuwa na bahasha ya plastiki ya kuhifadhia karatasi hizo ili zisilowane masika. Sisemi kwamba kijana wa Kimarekani aliyezuiwa kupanda lifti na mkimbizi aliyezuiwa kwenda soko la Makere wako kwenye mizani moja. Ila mtu aliyekulia kwenye vibali hujua kukitambua kibali popote anapokiona, na historia ya ubao wa theluji imejaa vibali.

Kwa Marekani habari inaanzia siku ya Krismasi ya mwaka 1965, mjini Muskegon, jimbo la Michigan. Mhandisi Sherman Poppen alikuwa na mke mjamzito na mabinti wawili waliochoka kukaa ndani. Akachukua skii mbili, akaziunganisha kwa vipande vya mbao, mabinti wakasimama juu yake na kushuka kilima cha karibu na nyumba. Mkewe, Nancy, ndiye aliyekipa kitu hicho jina la Snurfer. Mwaka uliofuata kampuni ya Brunswick, iliyojulikana zaidi kwa vifaa vya boling, ilianza kukitengeneza, na katika muda wa miaka kama kumi ziliuzwa zinazokaribia milioni moja. Snurfer haikuwa na kifungio chochote. Miguu ilisimama tu juu ya mbao, na mkono ukashika kamba iliyofungwa kwenye ncha ya mbele.

Wanakijiji wa milima ya Rize, kaskazini-mashariki mwa Uturuki, nao wana desturi yao ya tangu enzi za wazee wao ya kushuka theluji wakiwa wamesimama juu ya ubao wenye kamba mbele, na fimbo mkononi. Hawakuisikia Michigan, na Michigan haikuwasikia. Ndiyo maana sioni faida ya kugombania nani alikuwa wa kwanza. Tom Sims alijitengenezea ubao wake New Jersey mwaka 1963, akiwa mwanafunzi, katika darasa la useremala. Baadaye akahamia California na kuingia kwenye biashara ya mbao za magurudumu. Dimitrije Milovich alianzisha kampuni ya Winterstick kule Utah katika miaka ya 1970, akitengeneza mbao ndefu zenye mkia uliogawanyika, kwa ajili ya theluji laini inayofika magotini. Na Jake Burton Carpenter, aliyeanza na Snurfer akiwa na miaka 14, alihamia Londonderry, Vermont, mwaka 1977 akafungua karakana. Mchana alikata na kugundisha mbao, usiku alihudumia baa ili apate kodi. Alitupa sampuli nyingi kabla ya kupata ubao uliomridhisha.

Kuna tukio moja la mwaka 1979 ambalo nimelirudia mara nyingi. Michigan kulikuwa na mashindano ya Snurfer kila mwaka, na Jake akafika na ubao wake mwenyewe, wenye vifungio vya mpira vya kushikilia miguu. Washindani wakalalamika kwamba hiyo si Snurfer na kwamba ana upendeleo usio wa haki. Mwishowe wakafungua daraja la pekee kwa mbao za aina yoyote, na akashinda humo. Wale waliolalamika walikuwa watu ambao mwanaskii yeyote angewaona wanacheza na mdoli wa mtoto, lakini wao pia, alipotokea mgeni mwenye kitu tofauti, walitafuta kanuni ya kumweka nje. Heshima yao iko katika kilichofuata: walitafuta pia njia ya kumwingiza.

Milima haikufanya hivyo upesi. Katikati ya miaka ya 1980 vituo vilivyokubali ubao havikufika kimoja katika kila kumi. Sababu iliyotajwa zaidi ilikuwa bima, kwamba kampuni hazitalipa mtu akigongwa. Kulikuwa na ukweli ndani yake. Mbao za mwanzo hazikuwa na makali ya chuma pembeni, na theluji ya Vermont huyeyuka mchana ikaganda usiku hadi asubuhi inang'aa. Mti mtupu hauwezi kuing'ata theluji ya namna hiyo. Lakini sababu nyingine hazikuwa za bima. Wapanda ubao walikuwa vijana, hawakuvaa kama wanaskii, walizungumza kwa sauti, na hawakuwa watoto wa wanachama wa vilabu. Nimesoma maelezo ya watu wa wakati ule, na mara nyingi malalamiko yanaanzia kwenye usalama yakaishia kwenye suruali.

Basi vijana wakawa wanapanda kwa miguu. Lifti zikifungwa jioni, walibeba mbao begani na kukwea gizani, saa nzima ya jasho kwa dakika chache za kushuka. Mwaka 1982 walifanya mashindano ya kitaifa kwenye mlima mdogo ulioitwa wakati ule Suicide Six, karibu na Woodstock, Vermont, mji ambako Wamarekani walikuwa wamefunga kamba yao ya kwanza ya kuwavuta wanaskii mwaka 1934, ikizungushwa na injini ya gari la Ford. Mwaka 1983 mlima wa Stratton, jirani na karakana ya Jake, ukawa kituo kikubwa cha kwanza kufungua lifti kwa ubao. Ukafungua kwa sharti: kabla ya kuuziwa tiketi ilibidi umwonyeshe mtu wa mlima kwamba unaweza kudhibiti mwendo, kugeuka pande zote mbili na kusimama. Ukifaulu ulipata kadi. Vituo vingine viliiga utaratibu huo, na kwa miaka kadhaa mpanda ubao alitembea na kadi mfukoni, wakati mwanaskii aliyeanguka kuanzia juu mpaka chini hakuulizwa kitu.

Wanaosimulia historia ya mchezo huu huitaja kadi kama kero na kuendelea mbele. Mimi naona ndiyo kitovu cha habari yote. Kabla yake hakukuwa na ualimu wa ubao. Kulikuwa na marafiki na usiku. Mtihani ulipowekwa, ikabidi awepo wa kumwandaa mtahiniwa. Stratton palepale wakaanza kufundisha, na waliofundisha walikuwa vijana ambao wenyewe hawakuwahi kuwa na mwalimu, kwa hiyo walilazimika kuchambua kile ambacho miili yao ilikuwa imekigundua bila maelezo. Zoezi baada ya zoezi, wakajenga mtaala. Mwaka 1997 walimu wa ubao wakapata chama chao cha kitaifa. Mlima ulitaka uthibitisho wa kuwachuja watu, na wao wakaugeuza kuwa shule.

Nilijifunza kwa mtaala huohuo, kwenye mlima wenye taa za usiku, theluji ikiwa imekauka kwa baridi mpaka inalia chini ya buti. Kazi yangu ilikuwa kuleta vijana na kuwarudisha. Katikati nilikaa ndani ya basi, injini ikiunguruma kwa ajili ya joto, nikiwatazama kupitia kioo. Aliyenitoa humo ni binti mmoja wa kwetu, Mbembe, aliyekuwa na miaka 16 na alikuwa ameanza kusaidia kufundisha wadogo. Aligonga mlango wa basi. "Mjomba, buti za saizi yako zipo. Shuka."

Kwanza wanataka kujua mguu upi unakwenda mbele. Hakuna anayekuuliza, kwa kuwa wengi hawajui. Yule binti alisimama nyuma yangu, akanisukuma mgongoni ghafla, na mguu wa kulia ukaruka kujiokoa. Basi, kulia mbele. Wachache ndio wako hivyo, lakini vifungio vinazungushwa kwa bisibisi na ubao uleule unakuwa wako. Kisha unafunga mguu wa mbele tu, na kwa ule wa nyuma unajisukuma kwenye tambarare, kwa sababu hivyo ndivyo utakavyoifuata lifti. Kamba fupi inafungwa kutoka kwenye ubao hadi mguuni ili ubao usije ukatoroka peke yake na kumvunja mtu miguu huko chini. Kamba hiyo ni mabaki ya enzi za kadi. Milima ilianza kuidai wakati huo.

Baada ya hapo ni makali. Ubao una ukingo wa upande wa visigino na ukingo wa upande wa vidole, na kila kitu utakachofanya ni kuchagua ukingo upi uko ndani ya theluji. Unaanza na visigino. Unasimama ukitazama bondeni, ubao umelala kukingama mteremko, vidole vimeinuka kidogo, na unateremka polepole ukiifagia theluji. Ukiinamisha vidole, ukingo wa chini unachoma na unatupwa kifudifudi kabla hujapata muda wa kuogopa. Kila mwanafunzi hutupwa. Ndiyo maana fundisho linalotangulia mengine ni la kuanguka: kunja ngumi, anguka kwa magoti na mikono ya mbele, usinyooshe kiganja, kwa kuwa mfupa unaovunjika zaidi katika mchezo huu ni wa kifundo cha mkono.

Halafu linakuja zoezi wanaloliita jani linaloanguka. Ukiwa bado juu ya visigino unahamishia uzito mguu wa kulia, ubao unakwenda kulia. Unahamishia kushoto, unarudi kushoto. Unashuka mlima mzima hivyo bila kugeuka hata mara moja. Ni zoezi la unyenyekevu na lina akili nyingi, maana mtu anayelijua anaweza kushuka salama kwenye mteremko wowote, hata ule aliopandishwa kwa bahati mbaya. Nilikaa nalo muda mrefu. Mwili wangu ulijua jambo moja tu la kuanzia, ambalo nililirithi kwa baba, mvuvi wa Baraka: ukisimama kwenye mtumbwi wenye mawimbi, hushindani na maji kwa kukaza miguu, unalegeza magoti na kuacha kiuno kitulie. "Hivyohivyo," binti akasema, "ila usiutazame ubao, Mjomba. Tazama ile nguzo ya taa. Mabega yafuate macho, ubao utafuata mabega."

Kugeuka kwa kwanza kutoka visigino kwenda vidole kuna sehemu ya sekunde ambayo ubao unaelekea bonde moja kwa moja, haushiki upande wowote, na mwili wote unapiga kelele urudi nyuma. Ukirudi nyuma unaanguka. Unatakiwa kuegemea mguu wa mbele, yaani kwenda kule unakokuogopa, na ukingo wa vidole unashika wenyewe. Uliposhika nilijikuta natazama juu ya mlima badala ya chini, magoti yamesogea kwenye theluji, na wale vijana wa basi langu walikuwa wamepangana kwenye lifti juu ya kichwa changu wakipiga vigelegele. Wakongomani, Warundi, Wanepali waliotoka Bhutan. Kuanzia jioni ile salamu zao zilibadilika. Waliacha kuniuliza tunaondoka saa ngapi, wakaanza kuniuliza nimeshuka njia gani.

Burlington ni mji wa ajabu kwa jambo hili. Kampuni ya Jake, Burton, ilihamishia makao yake hapa mwaka 1992, na katika miaka hiyohiyo na iliyofuata mji ulikuwa ukipokea wakimbizi. Tangu 2003 walifika Wabantu wa Somalia, wakiwamo wazungumzaji wa Kizigua, ambao mababu zao walitolewa sehemu za Handeni na Tanga katika karne ya 19 na kupelekwa bonde la Juba kama watumwa. Baadaye tukaja sisi wa Kongo. Leo kwenye basi moja kuna Kizigua, Kirundi na Kiswahili cha Uvira, linapita mbele ya kiwanda ambacho mbao zake za majaribio zimechangia kuubadili mchezo dunia nzima. Lakini kupita mbele ya kiwanda na kupanda mlima ni vitu viwili. Hakuna anayekudai kadi sasa. Tiketi ya siku moja dirishani kwenye milima mikubwa ya Vermont inapita dola 150, na hapo hujavaa, hujakodi ubao, wala hujapata usafiri. Familia iliyofika kutoka Nyarugusu mwaka jana haiwezi, na haitakiwi kuulizwa kwa nini. Jake na mkewe, Donna, walianzisha Chill mwaka 1995, mpango unaowapa vijana ubao, buti, nguo, basi na mwalimu kwa wiki kadhaa bila malipo. Miaka 12 ilikuwa imepita tangu Stratton. Napenda kufikiri kwamba mtu aliyekwea gizani na ubao begani hakuhitaji kuelezwa maana ya lifti kwa mtu aliyezuiwa.

Watu weusi hawakungoja ubao ndipo wapande milima ya Marekani, na hilo huwaambia vijana kila msimu. Mwaka 1973 Ben Finley na Art Clay waliviita vilabu 13 vya wanaskii weusi kukutana Aspen, Colorado. Walifika watu wapatao 350, wengi wakiwa hawajawahi kuona mweusi mwingine mlimani zaidi ya wale wa klabu yao. Kutokana na mkutano huo kilizaliwa chama cha National Brotherhood of Skiers, ambacho bado kipo, na mikutano yake sasa inabeba skii na mbao pamoja bila ugomvi. Ubao ulipoingia Olimpiki kwa mara ya kwanza, Nagano 1998, Mkenya Philip Boit alikuwa kwenye Michezo hiyohiyo akishindana katika skii za masafa, akamaliza wa mwisho, na bingwa Bjørn Dæhlie wa Norway akamngojea kwenye mstari wa mwisho ili amkumbatie. Boit alimpa mwanawe jina la Dæhlie. Mwaka huohuo bingwa wa ubao aliyeogopwa kuliko wote, Terje Håkonsen, Mnorwe pia, alikataa kwenda Nagano kwa kuwa Olimpiki ilikuwa imeukabidhi mchezo wao kwa shirikisho la skii, yaani kwa ulimwengu uleule ambao juzi tu ulikuwa ukiwafungia milima. Nawaheshimu wote wawili, aliyekwenda na aliyekataa.

Na mwaka 2020, huko Aspen kwenye mashindano ya X Games, Zeb Powell, kijana mweusi wa North Carolina, alitwaa dhahabu ya ubao kwa mtindo ambao majaji hawakuwa wameuona. Vijana wangu wanaijua video hiyo kwa moyo. Wanaisimamisha, wanairudisha, wanabishana mkono wake umegusa wapi. Hawabishani kama ana haki ya kuwa pale.

Sherman Poppen na Jake Burton Carpenter walifariki mwaka mmoja, 2019, Poppen mwezi Julai na Jake mwezi Novemba. Poppen aliishi vya kutosha kuona skii zake mbili za Krismasi zimefika wapi, na alipopita umri wa miaka 60 akaingia darasani kujifunza ubao wa kisasa, wenye vifungio.

Majira haya nimejiandikisha kwa mtihani wa ngazi ya kwanza wa ualimu. Watanitazama nikigeuka pande zote mbili na kusimama, kisha watanipa mtu asiyejua kitu nimfundishe mbele yao. Yule binti, ambaye sasa yuko chuoni, ananitumia maswali ya mazoezi kwa simu na kunisahihisha bila huruma. Mama zake wadogo wawili wameshaniambia nikipata hiyo karatasi nianze na wao, siku ya Jumapili baada ya ibada, na kwamba watavaa vitenge vyao juu ya suruali za theluji. Nimeshaulizia saizi za buti.